Tundu Nililotoboa Mwenyewe

Mke wangu ana mikono mizuri. Nimeishi nayo miaka ishirini na miwili bila kusema hivyo, na mtu wa kwanza kulisema jambo hilo mbele za watu hakuwa mimi.

Mimi ni seremala. Najenga nyumba za uongo katika ghala moja kusini mwa Bogotá, nyumba za tamthilia za televisheni. Mbele plaiwudi iliyopakwa rangi, nyuma mbao tupu. Mwaka ule ilikuwa tamthilia ya kutisha, lakini haikuwa na damu wala majini. Kutisha kwake kulikuwa kwa kichwani. Kila sehemu ilimhusu mtu mmoja anayeharibika akili taratibu, nyumbani kwake mwenyewe. Sehemu ya nne ilikuwa ya mume anayeamini kwamba kuna mwanaume ndani ya ukuta wa jikoni, anamchungulia mkewe. Anabomoa ukuta, hakuti mtu. Ugonjwa ni wake. Ndivyo ilivyoandikwa.

Mke wangu, Alba, alikuwa anauza arepa, mikate ya mahindi ya duara, mlangoni pa ghala kila asubuhi. Paulina, mwigizaji wa kike, alitakiwa kuzitengeneza mbele ya kamera, lakini donge la unga wa mahindi alilishika kama panya aliyekufa. Mama Mireya, mwongozaji, akatoka nje kutafuta kifungua kinywa. Akamwona Alba anapiga donge viganjani, pa, pa, pa, huku anagombana na mteja, na donge linatoka duara safi bila kuangaliwa.

"Mama, hiyo mikono inauzwa?"

"Mikono haiuzwi. Zinauzwa arepa. Unataka ya jibini?"

Kazi yetu ndivyo ilivyo: uso wa huyu, mikono ya yule. Alba akavishwa gauni la Paulina, akaambiwa avue pete yake ya ndoa avae ya tamthilia.

"Shika hii, mzee. Usiniangushie."

"Na hiyo nyingine anakuvisha nani?"

"Naivaa mwenyewe. Kwani mimi mtoto?"

Hakuivaa mwenyewe. Aliyemvisha ni Fabricio, aliyecheza kama mume, huku anataniana na watu wa taa. Mrefu, ndevu zimechongwa, ana sauti ya kuombea msamaha. Mimi nina tumbo, na kidole changu kimoja kilikatwa ncha na msumeno. Jioni nilimrudishia Alba pete yake. Kesho yake aliiacha nyumbani, alisema kuepuka usumbufu.

Niseme wazi nilichokuwa nakiogopa. Alba ana dada, Yaneth, mwenye chumba kitupu kule Soacha. Kila tukigombana Yaneth humwambia, njoo, kitanda kipo. Nilikuwa naogopa siku moja ataenda.

Walichokuwa wanarekodi ni kidogo tu. Mke anatengeneza arepa, mume anakuja nyuma yake, anaiweka mikono yake juu ya mikono ya mkewe ndani ya unga. Basi. Lakini kitu kidogo kama hicho walikirudia siku tatu. Mimi niliagizwa kutoboa tundu ukutani, kimo cha jicho, nyuma kuwe giza. Nikatoboa kwa drili, nikalainisha kingo kwa msasa. Kisha mafundi tukaambiwa tutoke.

Wenzangu walitoka. Mimi nilizunguka nyuma ya plaiwudi nikaweka jicho.

Nikaiona mikono ya Fabricio ikifunika ya mke wangu. Mama Mireya akasema, "Kata!" Mikono haikutoka. Fabricio akainama akamnong'oneza kitu sikioni, na Alba akacheka, kicheko kidogo, cha ndani, ambacho nyumbani sikuwa nimekisikia tangu tulipohamia mtaa ule. Nilisimama pale mpaka magoti yakafa ganzi. Siku ya pili nikarudi. Ya tatu pia.

Usiku ule nikamuuliza, "Yule mwenye ndevu anakuambia nini?"

"Fabricio? Mambo ya kazi."

"Kazi gani ya sikioni?"

Akaacha kumenya viazi. "Umejuaje kama ni sikioni?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Mle ndani tulikuwa sita."

Nikawasha redio.

Baada ya mwezi tuliagizwa kujenga chumba chembamba ndani ya ukuta uleule, chenye godoro na sahani chafu. Wamebadilisha mwisho, tuliambiwa. Hatukupewa sababu, na seremala haulizi.

Sehemu ya nne ilipotoka, tuliitazama nyumbani Jumapili baada ya chakula cha mchana. Jirani yetu mama Hermencia alikuja na kiti chake, na binti yake Yurani akaunganisha simu kwenye televisheni. Mikono ilipotokea walipiga makofi.

"Jirani, ile mikono yako!"

"Yangu. Na unga wangu pia."

"Na huyo bwana naye ni wako?"

"Huyo nimeazimwa tu."

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nakunywa maji.

Kamera ikaiacha mikono, ikaenda pole pole ukutani, mpaka kwenye tundu. Ndani ya tundu kulikuwa na jicho. Likapepesa.

Yurani alipiga ukelele. Mama Hermencia akamwaga supu miguuni. Kule kwenye tamthilia mume akabomoa ukuta, akakuta godoro na sahani. Kumbe hakuwa mgonjwa. Walikuwa wameliona jicho kwenye picha zao, wakadhani kuna fundi aliyefanya mzaha, wakalipenda, wakageuza hadithi nzima kwa ajili yake.

Alba hakupiga kelele. Aliangalia televisheni, akaniangalia mimi.

"Jamani, tumeshiba," akawaambia wageni. "Kesho kuna kazi."

Walipotoka akafunga mlango.

"Siku ngapi?"

"Zote tatu."

"Nilimwambia mama Mireya kuna mtu ukutani. Nasikia anapumua. Wakanicheka, wakasema hadithi imenipanda kichwani. Mikono ikaanza kutetemeka, madonge yanapasuka, ndiyo maana tukarudia siku tatu. Fabricio akasema, 'Mama Alba, nakushikilia mpaka mwisho, usitazame kule.' Hayo ndiyo maneno ya sikioni uliyokuwa unayatafuta."

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe? Wewe si ndiye uliyekuwa kule?"

Hapo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasema, "Na kile kicheko?"

"Eladio, unaniuliza habari ya kicheko?"

"Nauliza."

"Nilicheka kwa sababu alikuwa mpole kwangu. Haya, nenda nacho hicho."

Akaanza kukusanya sahani. Alinipa mgongo aliposema lililobaki.

"Wamenipigia. Wanataka mikono tena, wiki mbili, kuanzia kesho. Nitaenda. Na mle ghalani simtaki mume nyuma ya mbao. Nikikuona, jioni nalala Soacha kwa Yaneth, na kurudi sirudi."

"Nimefanya kazi pale miaka tisa, Alba."

"Najua. Mimi ndiye niliyekufulia ovaroli."

Nikachukua simu nikampigia msimamizi, nikamwambia asinitegemee wiki mbili.

"Unaumwa, fundi?"

"Ndiyo."

"Unaumwa nini?"

Alba alikuwa amesimama na sahani mkononi, anasikiliza.

"Wivu," nikasema.

Msimamizi akacheka sana, akaniambia nimeze vidonge viwili nilale. Alba hakucheka. Aliweka sahani kwenye maji.

Jumatatu aliondoka alfajiri, nywele kazibana. Pete hakuivaa, nami sikumuuliza. Nilibaki uani nikitengeneza kitanda cha mama Hermencia kilichovunjika mguu. Jua lilipochomoza nilikuwa nimekwishachagua ubao. Saa nne ndipo kamera huanza kule. Ilipofika saa nne niliupima ule ubao mara tatu, nikapata vipimo vitatu tofauti.