Uzio Uliotangazwa Redioni

Habari za uzio wetu zilinikuta nimeinama katikati ya vitunguu, ndoo mkononi. Jainaba, mke mwenzangu, alikuwa ametundika redio yake kwenye bomba la maji, na mtangazaji alikuwa anasoma mambo yaliyofanywa na serikali mpya tangu iingie madarakani, mwaka mmoja uliopita. Barabara ya huku, daraja la kule, wakunga kumi na wawili. Mkunga mmoja ni wetu, hiyo ni kweli, na pampu ya jua iliyotupumzisha kuvuta kamba kisimani ni kweli pia, Mungu awalipe. Kisha akasema, "Na bustani ya akina mama wa Kajibor imezungushiwa uzio wa waya."

Jainaba akainua kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nyima, wewe umeuona?"

"Nini?"

"Huo uzio. Au macho yangu ndiyo yamezeeka?"

"Yamezeeka zamani, lakini leo hayana kosa."

Tulicheka mpaka maji yakanimwagikia miguuni. Halafu tukaikumbuka Jumatatu. Karanga zilikuwa zimekwisha kuvunwa, na Jumatatu ndiyo siku iliyopangwa ng'ombe wafunguliwe wajilishe popote, kama kila mwaka. Bustani ile ilikuwa na vitunguu na kabichi za wanawake arobaini na watatu. Mume wetu alipofariki, vitunguu ndivyo vilivyotushika mkono mimi na Jainaba, hatukwenda kubisha mlango wa mtu. Na ng'ombe hazuiwi kwa tangazo.

Tukaenda kwa alkalo, mkuu wa kijiji chetu, mzee Landing Kujabi. Tulimkuta amekaa na tasbihi yake, na tulivyoingia tu akaanza kuihesabu upya. Nikajua amesikia redio.

"Waya upo," alisema bila kututazama. "Uko mjini, ghalani, marobota kumi na manne. Lori lilikuwa liulete, likaharibika. Mwandishi wa orodha akaona mwaka unakwisha, akaandika umekamilika."

"Si wauletee sasa?"

"Nimeomba. Mtunza ghala anasema Kajibor mna uzio, orodha inaonyesha. Akitoa waya mwingine ataonekana mwizi."

"Mwingine!" Jainaba akashika kiuno. "Kwani wa kwanza tumeupika?"

Alkalo akakohoa. "Alhamisi anakuja mgeni kutoka serikalini, Banjul, kwa sherehe ya mwaka mmoja. Nyima, wewe ndiye mkubwa wa kikundi cha bustani, utasimama ushukuru. Pampu, mkunga na uzio."

"Pampu nitashukuru. Mkunga nitashukuru."

"Na uzio."

"Mzee wangu, kwa mdomo huu naswali mara tano kwa siku. Nitashukuruje kitu ambacho hakipo?"

"Ni neno moja tu, binti yangu. Neno moja linakushinda?"

Sikumlaumu. Miaka mingi, chini ya serikali iliyopita, tulizoea kupiga makofi kwanza, kisha tukifika nyumbani ndipo tuulizane tumepigia nini. Mazoea ya namna hiyo hayatoki kwa mwaka mmoja. Hata mimi niliogopa. Kila baada ya sala niliomba: Mola, usiniache nikasema uongo, wala usiniache nikawaponza wenzangu. Basi. Sikuwa na mpango mwingine.

Alhamisi ikafika. Sufuria za benachin, wali wetu wa sherehe, zilikuwa jikoni tangu alfajiri, na wanawake wote wa bustani tulivaa kitambaa cha aina moja, cha buluu. Mgeni akashuka garini na kanzu nyeupe iliyopigwa wanga mpaka inasimama yenyewe, na watu wake wanne wenye makaratasi. Alkalo akamtambulisha.

"Mheshimiwa Waly Joof!"

Joof. Nikajisemea, Alhamdulillahi, njia imepatikana. Joof ni Mserere, na sisi ni Wajola. Waserere na Wajola ni watani tangu enzi za mabibi, huitana watumwa na walafi wa wali. Mtani hakasiriki kwa la mtani wake, na mtani akikuomba kitu mbele za watu, ukimnyima umejitia aibu wewe na ukoo wako.

Nikaitwa. Nikasimama. Nikashukuru pampu, nikashukuru mkunga, na nilishukuru kwa moyo wote. Alkalo akawa ananikazia macho: uzio, uzio.

"Nimeambiwa mgeni ni mtu mkubwa," nikasema. "Kumbe ni mtumwa wangu! Wewe Joof, nani kakuruhusu uache jembe langu ukavae nyeupe?"

Alkalo akaziba uso kwa tasbihi. Watu wa makaratasi wakatazamana. Mgeni akainama mbele kitini.

"Mama, ukoo wako nani?"

"Sambou."

"Sambou!" Akaruka kitini. "Nilisikia harufu ya wali tangu barabara kuu, nikasema hapa wapo walafi wangu! Bwana wako amefika, hata maji ya kunawa hujaleta?"

Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

"Kunawa utanawa, ukimaliza kazi. Redio yenu imesema bustani yetu ina uzio. Njoo nikuonyeshe."

Tukaenda wote, ngoma nyuma. Tulipofika nikaita, "Akina mama, uzio!" Hatukuwa tumepanga, lakini Jainaba ni mwepesi kuelewa. Akakimbilia kwenye kona, akamshika mwenzake mkono, na yule akamshika mwingine, mpaka buluu ikaizunguka bustani karibu yote.

"Ndio huu," nikamwambia mgeni. "Uguse uone ulivyo imara."

"Mama Sambou..."

"Pale upande wa bondeni pana pengo. Nguzo imepungua. Mtumwa wangu, kasimame."

Akanitazama, akatazama watu wake. Kisha akapandisha kanzu, akaenda, akasimama kwenye pengo na kutanua mikono. Hakuwa amesimama dakika mbili, mbuzi wa alkalo mwenyewe akaja mbio, akampita katikati ya miguu, akaivamia kabichi ya Jainaba.

"Mheshimiwa, nguzo gani hiyo imelegea!" Jainaba akapiga kelele. "Sisi hapa tunapiga kura kwa gololi, na mimi yangu sikuitumbukiza kwenye pipa nipewe nguzo ya namna hii!"

Mgeni alicheka mpaka akafuta machozi kwa mkono wa kanzu. Kisha, akiwa hapohapo kwenye pengo, akampigia simu mtunza ghala. Tulisikia sauti ya yule bwana ikibishana: orodha, orodha, imekamilika.

"Ndugu yangu," mgeni akasema, "mimi nimo ndani ya uzio huo sasa hivi, na mbuzi amenipita katikati ya miguu. Toa waya. Karatasi nitasaini mimi."

Alipofunga simu akaniuliza kwa upole, "Mama, nikitoka hapa, kazi yangu imekwisha?"

"Waya ukifika nitakuacha huru. Kwa leo kanawe, wali unapoa."

Alikula kuliko Mjola yeyote, nasi tukamwambia. Waya ulifika Jumamosi mchana pamoja na nguzo zake. Wanaume wakachimba, sisi tukavuta, na alkalo, kwa umri wake, alishikilia nguzo ya kona huku akituelekeza mambo tuliyokuwa tunayajua. Jumapili jioni tukafunga lango. Jumatatu ng'ombe walipita, wakanusa, wakaenda zao. Mimi nilirudi nyumbani, na hakuna aliyekuja kuniuliza kwa nini nilisema.

Mwaka uliofuata tulikuwa bustanini tena, redio kwenye bomba, mtangazaji akisoma mambo ya mwaka wa pili. Akafika kwetu. "Na bustani ya akina mama wa Kajibor imezungushiwa uzio wa waya."

Jainaba akautikisa waya kwa mkono mmoja, ukalia.

"Nyima, sasa tuna nyuzio mbili."

"Waache," nikamwambia. "Tangazo la leo ni la kweli, hata mimi naweza kulishukuru."

Nikainua ndoo, nikaendelea na vitunguu.