Gari la Kumpeleka Mama Utawani

Tangu baba yake azikwe, Tewabe alikuwa na jibu moja tu kwa mama yake: shokapu zimekufa, gari halifiki monasteri ya Debre Libanos. Na kweli zilikuwa zimekufa. Korola la marehemu likipita juu ya mawe ya mtaa wao wa Kera liligonga hadi majirani wakachungulia. Lakini Tewabe hakuwa na haraka ya kulitengeneza. Mama alikwisha kunyoa nywele, alikwisha kushona kofia ya kitawa, kama wafanyavyo wajane wengi wa umri wake. Akishavishwa kofia ile monasterini, harudi tena nyumbani.

"Oili yote imevuja," alimwambia asubuhi ile, akifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Kona za kule zitatupindua, Mama. Unataka tufe?"

Mama aliweka viganja kwenye bodi juu ya gurudumu la mbele, akaikandamiza kwa uzito wake wote, akaachia. Gari likainuka, likazama, likainuka, likazama tena.

"Shokapu zikiwa nzima, gari huinuka mara moja likatulia. Baba yako alinifundisha kabla hujazaliwa. Kwamba zimekufa naona, mwanangu. Nauliza mbona huzibadilishi."

Tewabe aliinama, akajifanya anakagua tairi.

"Basi nitapanda basi. Wenzangu wanasindikizwa na watoto wao. Mimi nitasindikizwa na kondakta."

Hilo lilimchoma. Mchana huohuo alilipeleka gari kwa Gashe Shibiru, fundi aliyelitunza tangu enzi za baba yake, ambaye alimwita Gashe kwa heshima ya umri.

"Leo umekumbuka njia ya gereji!" Shibiru alimpokea akiwa chali uvunguni mwa gari jingine. "Nilidhani unangoja life, tulizike nalo."

"Gashe, fanya kazi."

"Haya, bwana mkubwa. Shokapu hizi nizitoboe, nizijaze oili, nichomelee? Zitakufikisha uendako. Kurudi, sisemi."

"Weka mpya."

Shibiru akatoka uvunguni, akamtazama. "Kumbe mama anaondoka kweli." Hakutania tena. Alipandisha jeki, akaibana springi, akafungua nati ya juu, akaichomoa shokapu kuukuu. Akaisukuma fimbo yake kwa kiganja. Ikazama ndani, ikabaki hukohuko.

Walisafiri kesho yake kulipokucha. Tewabe alikuwa amepanga maneno ya njiani: chumba atakachomjengea, mjukuu atakayemzalia, hata kilio, kama kingehitajika. Lakini kabla hawajaumaliza mji mama alikuwa amelala, kichwa dirishani, shuka jeupe limemfunika kidevu. Mtetemo ungemwamsha. Tewabe akayafuata mashimo makusudi, moja, jingine. Gari likayameza yote, likatulia. Akaona aibu. Akaanza kuyakwepa.

Mama alifumbua macho lilipoonekana kuba la kanisa chini bondeni.

"Tumefika?"

Barabara ilikuwa tupu. Angeweza kugeuza gari palepale.

"Tumefika, Mama," alisema, akateremsha gari hadi lango la monasteri, akakanyaga breki taratibu, akashuka kumfungulia mlango.