Mashemeji Chini ya Bomu

Tangu Gende amwoe Scholastika, timu yetu ya raga ya Kogai ikawa haiwezi tena kudaka mipira ya juu.

Scholastika ni dada yake Bomai. Bomai ndiye alikuwa mlinzi wetu wa nyuma kabisa, na Gende alikuwa winga wa kushoto, hatua chache tu kutoka kwake. Kabla ya harusi, mpira ukipigwa juu, mmoja hupiga kelele "Yangu!" na mwenzake akampisha. Lakini kwetu Simbu shemeji si mtu wa kutaniwa. Humtaji jina, humfokei, na kumgonga kikumbo ndiyo usiseme kabisa. Basi likija bomu, ndivyo tunavyouita mpira unaopaa mpaka wapinzani wanawahi kufika chini yake, Bomai hurudi nyuma kumpisha Gende, Gende naye hurudi kumpisha Bomai, na mpira unatua katikati, wote wawili wakiutazama kwa adabu.

"Nyie mnacheza raga au mnapishana viti kanisani?" kocha wetu Waim aliwauliza mazoezini. "Paza sauti mapema! Inua goti, bana viwiko, upokee kifuani kama mtoto mchanga!"

Waliitikia, "Sawa, kocha." Bomu lililofuata likaanguka chini vilevile.

Tukafika fainali, mjini Kundiawa, dhidi ya watu wa ng'ambo ya mto. Mlima mzima ulijaa mashabiki wanaotafuna popoo. Wapinzani walikuwa na mpigaji mmoja, Kawage, na habari za harusi alikuwa nazo. Kila walipokabwa mara ya mwisho, pale timu inapolazimika kuuachia mpira, Kawage alipiga bomu katikati ya mashemeji. Moja walilidaka wao, wakafunga.

Wakati wa mapumziko Gende alikuwa karibu kulia. "Kocha, niweke kulia. Siwezi kumfokea shemeji mbele za watu."

"Kulia nani atacheza, mama yako?"

Scholastika alikuwa amekuja na viazi vitamu vya kuchoma. Akaweka kikapu chini. "Jamani, si mnyamaze tu? Huyu kaka yangu, huyu mume wangu. Nitawafokea mimi."

Na kweli. Kipindi cha pili akawa anakimbia nje ya kamba, kitenge amekifunga kiunoni. Bomu likipaa, yeye hupasua anga: "Kaka!" Bomai anadaka. "Mume!" Gende anadaka. Wapinzani wakamlalamikia mwamuzi wa pembeni, naye akasema, "Kamba hajavuka. Mke wa mtu mnataka nimwambie nini?"

Tukafunga, tukaongoza kwa pointi mbili. Mimi nilikuwa nasukuma kule mbele, shingo inauma, lakini nilicheka mpaka pumzi ikakata.

Dakika za mwisho Kawage akapiga bomu la ajabu. Lilipaa, upepo wa bondeni ukalishika, likayumba. Scholastika akapaza sauti, "Mume!" Papo hapo wanawake wa ng'ambo, wakiiga sauti yake, wakaitikia mlima mzima: "Kaka! Kaka! Kaka!"

Bomai akasonga mbele. Gende akasimama. Niliona wanarudia ugonjwa wao wa zamani, na majitu matatu ya wapinzani yanakuja mbio.

Ndipo Gende akafumba macho, akayafumbua, akanguruma: "Bomai! Acha! Yangu!"

Gende akaruka, goti juu, akamkanyaga shemeji yake mguu, akaupokea mpira kifuani. Wakamwangusha, wakamlalia. Mpira hakuuachia. Filimbi ikalia, tukawa mabingwa, na hakuna aliyethubutu kushangilia.

Bomai alikuwa anatazama majani. "Umeniita jina."

"Nimekuita, shemeji."

"Mbele ya watu wote hawa."

"Ndiyo."

"Na umenikanyaga."

"Kidogo."

Bomai alijitahidi kukunja uso, mdomo ukamsaliti, ukaanza kutetemeka. "Faini yako nguruwe," akasema. "Na awe mnene!" Akamkumbatia, na mlima ukalipuka kwa kelele.

Jumapili Gende alileta nguruwe ambaye watu wanne walimbeba kwa shida. Tulimchinja, tukamfukia shimoni aive kwa mawe ya moto na majani ya migomba, na hata Kawage alikuja kula bila kualikwa. Mzee wa ukoo wa Bomai akakata ini vipande viwili, akawapa mashemeji walile pamoja. Kwetu, waliokula kitu namna hiyo wanaweza kuyaacha majina yao na kuitana kwa kile walichokula, na mwiko wa kufokeana na kugongana unaisha hapo.

"Ini," Bomai akasema, akijaribu.

"Naam, Ini," Gende akajibu, mafuta yanamchuruzika kidevuni.

Scholastika, aliyebaki na mkwaruzo tu mahali pa sauti, akawakazia macho. "Mngekula hilo ini siku ya harusi, mimi leo ningekuwa naongea."

Kesho yake mazoezini Waim alipiga bomu la kwanza yeye mwenyewe. "Ini, pisha, yangu!" Bomai akafoka kwa raha zote, akampiga Gende kikumbo, akadaka.