Jibu la Mfano

Ningekuwa na akili ningeisoma ile insha peke yangu, kisha nikaifungia kabatini. Lakini mwalimu wa fasihi akipata insha nzuri huwa kama kuku aliyetaga, lazima mtaa mzima ujue. Nikaisoma kwa sauti ofisini kwa walimu, saa ya chai.

Ilikuwa ya msichana wa kidato cha nne tuliyembandika jina Bi Swali. Nilikuwa nimefundisha tamthilia kongwe ya mfalme na mtumwa wake, na nadharia nikaifupisha hivi: usimwamini msimulizi kabla hujauliza nani kanyimwa sauti. Wenzake waliijaribu kwa hadithi za sungura. Yeye alichagua hotuba ya mkuu wa shule kuhusu bweni lililoungua.

"Mpishi anatajwa mara tisa kuwa ndiye aliyeacha jiko likiwaka," aliandika, "ila hapewi sentensi hata moja. Na msimulizi hatuambii nani alikuwa na funguo za mlango wa nyuma wa bweni."

Nilipoinua macho, hakuna aliyekuwa anakunywa chai. Makamu wa mkuu, tunayemwita Rula, akauliza kwa upole, "Ya nani hiyo?"

"Yangu. Ni jibu la mfano, darasa zima watalinakili leo."

"Vizuri. Kesho nitapita niyaone madaftari."

Mdomo uliponza kichwa. Yule mpishi hakuonekana tena tangu wiki ya moto. Mkewe alikuja getini mara mbili kumuulizia, kisha naye akaacha kuja. Mtoto wa watu akijulikana, kufukuzwa shule ndiyo ingekuwa nafuu yake. Niliogopa, sitaficha.

Bahati, insha nilikuwa sijaitia kalamu nyekundu. Nikawasomea wengine neno kwa neno, nao wakaandika, kisha nikamrudishia mwenyewe daftari lake. Bi Swali akainua mkono.

"Mwanangu, leo usiniulize kitu," nikamwambia.

Akaushusha. Hajawahi kunitii upesi vile.

Kesho yake Rula aliyakuta madaftari arobaini mezani pangu, darasani. Hakusoma hata mstari. Kafundisha hesabu miaka ishirini, insha humletea usingizi. Alifunua, akatazama kona ya juu, akaweka pembeni. Akafunua jingine. Kufikia la kumi na mbili nikaelewa anatafuta nini. Tarehe. Thelathini na tisa wameandika Alhamisi, jana yake. Mmoja kaandika Jumatatu.

"Njia ya mwongo fupi, mwalimu," alisema, akinisukumia lile moja. "Hebu nisomee jina kwenye jalada."

Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa, nikaivua tena.

"Ni langu," Bi Swali akasema, keshasimama. "Mwalimu hana kosa."

"Chukua mkoba wako, binti yangu," Rula akamwambia, akamfungulia mlango kwa adabu zote.

Jumatatu nilikusanya madaftari thelathini na tisa. Nikawauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyeinua mkono.