Samaki wa Cheni

...na nimeshika, shemeji, nimeshika, tairi haliendi popote, mikono yangu yote miwili iko hapa kwenye gurudumu la nyuma na magoti yangu yako mchangani, na yeye Pastory amepanda juu ya pikipiki, mguu mmoja kwenye kiki, anapiga, injini inakohoa mara moja inanyamaza, anasema free haikai kwenye hii takataka, gia inaingia yenyewe, wewe shika tu lisizunguke, kazi hiyo hata mbuzi aliyefungwa kamba anaiweza, na mama yake kule kwenye mkeka anacheka puani, mbuzi? mbuzi angekuwa ameshazaa mara tatu, anasema, na Pastory naye anacheka, anapiga kiki tena, inakohoa, petroli imelala humo tangu msiba, pikipiki imekaa chini ya turubai mpaka kuku akatagia kwenye kiti, nilimwacha atage, sikuwa na moyo wa kumfukuza, kitu fulani kilikuwa kinaishi juu yake angalau... nimeshika, na nyuma imeinuka kidogo kwa stendi ya kati, na mbele ya macho yangu, karibu kiasi kwamba nikipumua naipulizia, iko cheni, cheni aliyoifunga yeye mwenyewe sasa hivi, inang'aa oili, na kwenye cheni iko ile loki, kale kachuma kadogo kanakozishika ncha mbili za cheni zisiachane, na loki imewekwa kinyume, nimefumba macho nimefumbua, iko kinyume, samaki anaangalia nyuma... mume wangu ndiye aliyeiitaga samaki, Wanzagi, mdogo wake huyu Pastory, Jumapili tukishatoka kanisani aliileta pikipiki hapa hapa uani, anavua cheni, anailoweka kwenye dizeli ndani ya beseni bovu, mimi naisugua kwa mswaki wa zamani, yeye ameshika loki kiganjani, ananiambia mama Nyamburi tazama, hapa palipofunga ni kichwa, hapa palipoachana ni mkia, cheni ya juu inakwenda mbele kwenye injini, basi na samaki kichwa mbele, samaki haogelei kinyumenyume, nimemwita samaki kwa ajili yako binti wa Murangi, mtoto wa ziwani, usije ukasahau, na sikusahau, akikaa kinyume anaweza kwenda mwezi mzima hajafanya kitu, au kijiwe kimoja tu kikamgusa mkia akachomoka, na akichomoka yeye cheni inafunguka, inajisokota kwenye gurudumu, gurudumu linakwama wewe bado unakwenda, kama yule dereva mwenzake wa bodaboda, Kwangu jina lake, barabara ya Bunda mchana kweupe alirushwa mbele ya lori, Wanzagi alirudi nyumbani siku ile hakula, alisema viatu vyake vilibaki barabarani vimekaa sawasawa, pea moja, kama vya mtu aliyevivua mlangoni kwa adabu... shika wewe, unasinzia? anasema Pastory, nasema nimeshika, na mama mkwe anasema mwache, wanawake wa ziwani wanaota jua kama dagaa, ukimgeuza upande wa pili atakauka vizuri, na huku anasema hivyo mikono yake inampaka mtoto wangu mafuta, nayaona hayo, anayasugua kwanza viganjani mwake yapate joto yasimshtue, halafu ndiyo anapaka, nyuma ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, taratibu, hakuna aliyewahi kunipaka mimi hivyo, mikono hiyo hiyo, kwenye gari la msiba tulipofika Kiabakari alinipa maji ya chupa yake mwenyewe, akanifuta kidevu, halafu tulipofika Bunda, jeneza halijashushwa, akaniambia usilie kwa sauti utafikiri ulimzalia watoto kumi, figa moja haliinjiki chungu, ulituzalia figa moja, tena la kike... Nyamburi amevaa gauni lake la Krismasi, mfuko wake wa nguo uko mlangoni umefungwa, ana furaha, ana miaka minne atakosaje furaha, anamwuliza bibi yake, bibi, ndama yupo kweli? yupo, mweupe, ni wako, ananyonyaga mkono? ananyonya, na mama naye anakuja? mama yako anabaki kulinda kuku, kuku wanalindwaga, bibi? wa kwako wanalindwa, nyamaza nikufunge utepe... anapiga kiki, nasikia gurudumu linasukuma viganja vyangu kidogo, kama ndama anayetaka kutoka zizini, injini inalia mara mbili, tatu, inakufa, Pastory anatukana kwa lugha ya kwao, wanafikiri siisikii lugha ile, miaka mitano nimeisikia mimi ndio ninayesemwa ndani yake... siku ya kuanua tanga wanaume wa ukoo walikaa kwenye viti vya kukodi wakasema pikipiki irudi Bunda, ni jasho la kijana wetu, na mtoto arudi zizini, ng'ombe za mahari zilitoka, mtoto ni wa ng'ombe, mama yake bado mbichi ataolewa, hatuwezi kulelewa damu yetu na mwanaume wa kuokota, wakamwuliza Pastory kama atanirithi, akanitazama kuanzia miguuni kama wanavyotazamwa ng'ombe mnadani, akasema huyu hana nyama, wakacheka, na mimi nikacheka, ndivyo uso wangu ulivyofanya wenyewe, halafu na mimi nikaulizwa jambo moja, wali umebaki? nikasema umebaki... na bado, na bado huyu huyu, Wanzagi alipoanguka pale karibu na tenki la maji ameshika tumbo, Pastory alikuwa amekuja kututembelea, hakungoja gari, alimpakia kwenye pikipiki hii hii, akamfunga mgongoni mwake kwa kitenge changu, mdogo mtu mzima amefungwa mgongoni kwa kaka kama mtoto, nilikimbia nyuma yao mpaka kwenye lami nikamsikia akimwambia usilale mdogo wangu, niimbie, ule wa kuchungia ng'ombe, ukisahau mimi naanza, akaanza yeye, na walivyonieleza ni kwamba alipofika hospitali mjini alikuwa bado anaimba, wakamfungua kitenge wakamwambia mzee, huyu ameshakwenda kitambo, na yeye akawaambia hapana, anaitikia, nilikuwa namsikia anaitikia... kitenge alikirudisha, amekifua mwenyewe, amekipiga pasi, akakiweka kitandani, kwa hiyo mtu kama huyo unamwekaje, unamweka upande gani... loki iko pale, nikinyoosha kidole naigusa, nikisema neno moja anaigeuza, plaizi ziko hapo karibu na mguu wake, ni kazi ya kubana tu na kugeuza, sema, shemeji loki iko kinyume, maneno manne, na nikisha kuyasema nimewafungia safari mimi mwenyewe, nimewapulizia tairi, nimewatia mafuta, Nyamburi anakwenda Bunda salama kabisa, samaki kichwa mbele, na mimi nabaki na kuku... ikiwaka, anasema Pastory akijifuta jasho kwa bega, naijaribu kwanza mpaka lami, nikirudi ndio tunampakia mtoto na mama, na mimi nasikia lile neno, kwanza, mpaka lami, peke yake, njia ya hapa Bweri ni vijiwe vitupu, mashimo, vipande vya matofali ya hawa wanaojenga, atashuka pale anakimbiza kama anavyokimbizaga, na mimi sikusema kitu, nani atajua, mimi mbuzi, mimi dagaa, sikuona, gurudumu nililishika kama nilivyoambiwa, na naviona viatu, si vya yule Kwangu, ni hivi hapa mbele yangu, raba za Pastory nyeupe zenye kamba nyekundu, zimekaa barabarani sawasawa, pea moja, na mama yake anakimbia pale bila kilemba, na mimi nampelekea maji, nampa chupa yangu mwenyewe, namfuta kidevu, halafu namwambia mama usilie kwa sauti, bado unaye nani mwingine wa kumlilia... tamu, Mungu nisamehe, ilikuwa tamu, imeyeyuka ulimini kama sukari guru, na mate yamejaa, na nimeona kwamba naweza, mimi ninayemwachia kuku atagie kwenye kiti, naweza, nafunga mdomo tu basi, kuua kwenyewe hakuna kazi, ni kama kusinzia... na mimi! ni sauti ya Nyamburi, na mimi baba mkubwa, mpaka lami! anakuja anakimbia na mafuta yake yanang'aa miguuni, nasema rudi, nadhani nimesema, sauti haikutoka, Pastory anacheka, kicheko kizuri anacho, kama cha mdogo wake, njoo mchumba wangu, njoo unishikie usukani, anamwokota kwa mkono mmoja, anampakia mbele juu ya tanki, anamkunja miguu, usishushe hapa ikishawaka patakuchoma, vuta gauni, hivyo, anampangusa vumbi kwenye kisigino kwa kidole gumba, na mama mkwe anasema mpeleke basi azoee, na Nyamburi ananiona nilipo huku chini, anainama ananichungulia chini ya kwapa la baba yake mkubwa, mama, mimi ndiye dereva... shika! na anapiga kiki, na safari hii inashika kidogo, inaunguruma, inatoa moshi usoni kwangu, gurudumu linanisukuma mikono kweli, na cheni inatembea nusu shubiri, namwona samaki anapita mbele yangu kinyumenyume, mkia mbele, halafu inazima, karibu, anasema Pastory, moja au mbili hivi itawaka, na ule utamu uko wapi, nautafuta mdomoni, kumebaki oili tu na moshi... sema sasa, sema shemeji loki, na ataigeuza, au hataigeuza, ataniambia mwanamke ananifundisha cheni, ataenda na mtoto mbele yake kwa hasira makusudi aonyeshe kwamba inakwenda, namjua, au ataigeuza na kuninyang'anya salama salimini, nikisema anakwenda, nisiposema anakwenda, na mimi kazi yangu ni moja, ni kushika lisizunguke, hiyo ndiyo waliyonipa hawa... na ndipo naona mikono yangu, sijaiamuru lakini nimeiona, wa kushoto umeachia tairi umeingia kwenye spoki umezishika, na wa kulia, vidole vinne, vimepita juu ya cheni ya chini, pale inapoingia kwenye gurudumu, vimekaa kati ya cheni na yale meno ya sproketi, oili ni vuguvugu, meno yamegusa ngozi bado hayajauma, na pamefaa, vimeenea humo kana kwamba nafasi ile iliachwa kwa ajili yake, na moyo wangu ambao ulikuwa unapiga tangu asubuhi umetulia kama mtu aliyekaa chini... Pastory ameinua mguu juu ya kiki, anatazama nyuma kuona nimeshika, anaona, mguu unabaki juu, we, anasema, toa vidole, nasema mtoto ashuke, toa vidole we mwanamke ikiwaka vinakwenda vyote, nasema najua, ashuke, na nasikia sauti yangu ni ndogo, ya kawaida, kama ninamwomba chumvi, mama mkwe anasema ana nini huyo, Pastory anamjibu ameingiza mkono kwenye cheni, na mama mkwe anasema piga tu, atautoa mwenyewe, mkono wake si anaupenda, piga, hawa wanatishaga tu, na Pastory hapigi, anatazama vidole vyangu, na mimi natazama uso wake na naona ule uso wa siku ile kwenye lami, wa mtu anayeimba wimbo na anaogopa kugeuka nyuma, na namwonea huruma, kweli namwonea huruma, na huruma hiyo haijanisogeza kidole hata kimoja... pikipiki chukua, shemeji, sijasema bado lakini nitasema, chukua na turubai lake, na mtoto akishakanyaga mchanga, akishaingia ndani, nitakuambia jambo kuhusu samaki, sitakuacha uende hivyo, nitakuonyesha kichwa na mkia kama nilivyoonyeshwa, nitakushikia plaizi, utafika Bunda umevaa viatu vyako, lakini kwanza ashuke, na asiposhuka piga, piga nivisikie vikikatika, utakwenda naye juu ya vidole vya mama yake na gurudumu halitafika hata getini maana mifupa nayo hukwamisha cheni... mama, unafanya nini huko? anauliza Nyamburi, nasema natengeneza pikipiki mwanangu, kuku anapita katikati yetu anadonoa mchanga, mguu wa Pastory uko bado juu ya kiki, mtoto yuko bado juu ya tanki amekamata usukani, mama mkwe anasema piga, umekuwa mwanamke? na Pastory anasema kwa sauti ya chini, kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha nayo, shemeji, achia, achia basi, umesikia, na mimi nasema nimeshika...