Baridi ya Molo

Lori la viazi lilikuwa limeshaiacha Elburgon nyuma, na Micah, chali juu ya magunia, alikuwa bado anatafuta maneno ya kumwambia daktari asimkate mguu.

Mguu wenyewe, wa kushoto, ulikuwa mapajani mwa mkewe Chepngeno, umefungwa kwa kitambaa cha gunia la unga. Ulinuka. Micah hakuusikia uchungu hata kidogo, na hilo ndilo lililomponza. Alikuwa fundi wa seng'enge kwenye shamba la mzungu huko Molo. Kila siku ya Mungu alizunguka mipaka kwa miguu, nyundo mkononi, akikaza waya pale ng'ombe walipoulegeza. Wiki tatu zilizopita ncha ya waya ilimwingia kisiginoni, akatembea nayo kutwa nzima bila habari. Chepngeno ndiye aliyeiona damu kwenye kiatu.

Na sheria ya shamba ilikuwa fupi: asiyefanya kazi hana nyumba kwenye laini, ile safu ya vibanda vya wafanyakazi. Bwana alishasema, bila ukali, kama anayezungumzia mvua: "Fundi wa seng'enge bila mguu ni fundi wa nini?"

"Tulia, Baba Jepkorir," Chepngeno akasema. "Unatikisa dawa."

Dawa ilikuwa ndani ya kopo la majani ya chai, amelizungushia kitambaa kibichi. Chupa ndogo ya insulini. Tangu Micah aambiwe ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa hamsini na nne, laini nzima ilikuwa imepata kichekesho. Mtu hana kijiko cha sukari nyumbani, ati anaugua sukari! Achola, mpishi wa memsahibu mke wa Bwana, akimwona anapita huinua kikombe: "Fundi, chovya kidole hapa, chai yangu haina ladha." Lakini ni Achola huyohuyo aliyemfichia chupa kwenye friji yao iliyoendeshwa kwa mafuta ya taa, nyuma ya siagi. Mwaka huo wa kwanza mambo yalikwenda. Dawa ya alama ishirini za bomba la sindano kila asubuhi, kiu ikaisha, Micah akarudi kuimba kanisani.

Kisha memsahibu akaiona chupa. "Dawa ya boi kando ya siagi yangu?" Ikatoka siku hiyohiyo.

Micah aliposhuka Nakuru kuchukua chupa nyingine alimwuliza Hiram, sasa aiweke wapi. Hiram alikuwa msaidizi tu katika hospitali ndogo ya misheni, mtu wa koti jeupe na kalamu mbili mfukoni, lakini watu walimwita daktari naye hakuwakataza. Hakuinua hata macho.

"Mahali pa baridi, mzee. Baridi kabisa. Kwani huko Molo mmekosa baridi?"

Wakacheka wote wawili.

Basi Chepngeno akaenda kutafuta baridi. Aliijua baridi ya pale yote, ya mlangoni, ya mtoni, ile ya zizini inayopasua midomo ya ndama. Akachagua nyuma ya nyumba, upande usioota jua, akachimba ukingo wa mfereji na kuliweka kopo humo. Asubuhi za Julai nyasi zilikuwa nyeupe na chupa imeganda ngangari. Aliingia nayo ndani uso umemchangamka.

"Tazama, Baba Jepkorir. Friji ya memsahibu haijawahi kufanya hivi."

Aliiyeyusha kwenye kiganja, akaitikisa mpaka vile vichenga vyeupe kama vya maziwa mgando vikapungua, akamdunga.

Tangu hapo dawa ikaanza kushindwa. Kiu ikarudi, na ile safari ya chooni isiyokwisha. Huko Nakuru Hiram alichemsha mkojo wa Micah na maji ya buluu kwenye kioo, na maji yaliyotakiwa yabaki buluu yakageuka rangi ya matofali, dalili ya sukari nyingi.

"Unakunywa busaa, mzee."

"Pombe sijaonja tangu mwaka juzi."

"Basi ni chai, sukari vijiko vinne. Ninyi watu wa mashamba nawajua. Matofali hayadanganyi."

Akampandisha hadi alama thelathini. Mwezi uliofuata arobaini, kisha sitini. Micah akaacha viazi, akaacha uji, akala majani kama mbuzi, akakonda mpaka suruali akaifunga kwa kipande cha waya. Na bado matofali. Mwisho, siku moja mezani, alimtazama mkewe na kumwuliza, "Unaniwekea nini kwenye mboga?" Chepngeno aliweka sahani chini. Siku ile hakula, na kesho yake alimdunga sindano kama kila siku.

Sasa lori likawashusha kwenye lango la hospitali, Alhamisi, jua limeshapanda. Hiram alifungua kitambaa, akapiga mluzi.

"Daktari mkubwa yuko leo. Ngojeni hapo. Sindano ya asubuhi umepiga?"

"Bado. Na sijala."

"Zako ni sitini," Hiram akasema, kana kwamba si yeye aliyezipanga, akazivuta kutoka kwenye chupa mpya ya hospitali, akamdunga.

Walikaa kwenye benchi muda mrefu. Micah alikuwa ameshayapata maneno yake, anayarudia kimoyomoyo, alipoona mikono yake inacheza yenyewe. Jasho likamtoka kama aliyenyeshewa. Alimwona Hiram ana midomo mitatu. Kisha sakafu ikampiga shavu.

"Sukari!" mtu alipiga kelele. "Sukari upesi!"

Alipopata fahamu alikuta Hiram amepiga magoti, anamnywesha maji ya sukari kwa kijiko. Hiram yuleyule. Utamu ule ulimjaa Micah kinywani, wa kwanza baada ya miaka miwili, na machozi yakamtoka kwa hasira.

Daktari, Mhindi mzee wa miwani, alikuwa ameinama juu yake. "Sitini kila siku, na nyumbani haikushushii sukari hivi? Dawa yako inakaa wapi?"

Chepngeno akasogea mbele na kopo lake.

"Mimi ndiye ninayeiweka, Bwana Daktari. Mahali pa baridi, kama tulivyoambiwa. Hata barafu inashika."

Alilitaja lile neno barafu kama mama anayetaja cheti cha mwanawe.

Daktari aliinyanyua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akavitazama vichenga. "Mama, hii ikishaganda imeharibika. Nguvu imetoka. Mmekuwa mkimdunga karibu maji."

Hiram aliguna kicheko. "Mama! Mimi nilisema baridi, sikusema barafu! Baridi ni kando ya mtungi wa maji!"

"Huku kwenu Nakuru," Micah akasema kutoka sakafuni. "Nilikuambia natoka Molo. Ukacheka."

"Na wewe ulicheka, mzee."

Ilikuwa kweli.

"Na mguu?" Chepngeno akauliza.

"Dawa ingekuwa nzima, kidonda kingepona," daktari akasema. "Sasa umeoza mpaka mfupani."

Chepngeno alikunja kile kitambaa kibichi, akakikunja tena. Micah alitaka kumwomba radhi kwa habari ya mboga. Lakini maneno yote aliyoyakusanya njiani yalikuwa ya daktari. Ya mkewe hakuwa nayo hata moja. Akanyoosha mkono, na mkewe hakuuona, au aliuona.

Mguu ulikatwa kesho yake, chini ya goti. Kidonda kilipopona, kwa dawa iliyokaa kando ya mtungi, alama kumi na nane zilimtosha Micah. Nyumba ya laini ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Walihamia kwa mkwe wao, mume wa Jepkorir, upande wa Londiani, na Micah akafa huko mwaka wa hamsini na tisa, kwa kifua. Chepngeno aliishi miaka mingi, na hakumpa tena mtu dawa kwa mkono wake, hata wajukuu. Hiram alipewa zahanati yake mwenyewe huko Njoro. Bwana na memsahibu waliuza shamba wakaenda Afrika Kusini, wakamwachia Achola ile friji. Mafuta ya taa hakuwa nayo, akawa anatunzia mahindi ndani yake.