Picha ya Daraja Tupu

Nilichokitaka jioni ile ni kitu kimoja tu: picha ya daraja la bustani bila mtu hata mmoja juu yake, taa zote zikiwaka na kujiona majini. Meneja wa bustani alikuwa ameahidi kuiweka kwenye jalada la kalenda, na taa zilikuwa zinashushwa kesho yake. Tatizo ni kwamba Sikukuu ya Taa ikifika, mji mzima wa Suzhou huhamia kwenye daraja hilo.

Hila ninayo, lakini. Kamera ukiiacha wazi kwa muda, anayetembea haonekani kabisa pichani. Anayebaki ni aliyesimama. Na katika msukumano ule, nani angesimama?

Baba, Mzee Lu, alikuja kunibebea stendi ya kamera. Nilimlazimisha. Tangu mama afariki alikuwa hatoki ila kwenda sokoni, na burudani yake pekee ilikuwa kugombana na Bi Qiu, mjane wa ghorofa ya chini. Ugomvi wenyewe ni wa nyama: baba huitundika barazani ikauke kabla ya mwaka mpya, na mafuta huchuruzikia mablanketi ya Bi Qiu. Majira yote ya baridi walirushiana maneno dirishani, jengo zima likisikiliza bure.

Baba alipokwisha kuisimamisha stendi akajichanganya na umati, nami nikapiga picha ya kwanza. Umati umefutika, maji yametulia, taa yenye umbo la sungura inang'aa. Lakini katikati ya daraja kuna watu wawili. Nikapiga ya pili, wako palepale. Ya tatu, ndiyo kwanza wamesogeleana. Nikapandwa na hasira, nikaikuza picha niwajue wapumbavu hao.

Baba yangu. Na Bi Qiu. Wanachangia bakuli moja la vidonge vitamu vya unga wa mchele.

"Baba!" nikaita, nikiwapangua watu hadi darajani.

Nusura aangushe bakuli. "Tu... tunafumbua kitendawili. Hiki hapa, kimeandikwa kwenye taa."

"Kitendawili gani hicho kisichoisha?"

"Baba'ko mzito wa kichwa, mwanangu," Bi Qiu akadakia. "Ningemwacha hapa angekesha."

"Nani mzito? Jibu si nimelitoa mimi!"

"Umelitoa mdomoni mwangu."

Baba akanigeukia, sauti imemshuka. "Umekasirika?"

Nikajua haulizi habari ya kalenda. Alinitazama kama mtu aliyevunja kikombe cha mama. Nilimkumbuka mama nikaumia, na papo hapo nikafurahi, nikafurahi hadi machozi yakanilengalenga.

"Nimekasirika sana," nikasema. "Mnatikisika mno. Simameni vizuri niwapige picha upya."

"Na daraja lako tupu?"

"Litajijua."

Baba, ambaye maisha yake yote hukimbia kamera, akasimama wima. Nikarudi kwenye stendi, nikaifungua kamera. Wakapita watoto na taa zao, wakapita wachumba, wote wakapotea.

"Mwakani," Bi Qiu akapaza sauti bila kugeuza shingo, "hiyo nyama tuitundike kwangu. Huko chini mafuta hayana mtu wa kumdondokea."

Baba akaangua kicheko, na pichani uso wake ukatoka ukungu mtupu. Ndiyo picha niliyompelekea meneja.